Bomba la Ua wa Mama Mkwe

Posa yangu ilipokubaliwa tu, baba mkwe alinipa kazi ambayo mchumba hapaswi kupewa. Alitaka nimtilie umeme nyumbani kwake Chumbageni, taa ziwake kabla ya harusi. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza kusema. Ndivyo nilivyo: mdomo hutangulia, mimi mwenyewe nafuata nyuma nikihema.

Kazi yenyewe haikunitisha. Nilikuwa nimejifunza ufundi kwenye nyumba ya mashine ya shamba moja la mkonge, njia ya kwenda Muheza, na nyumba za watu nilikwisha kuzitia umeme si moja wala mbili. Kilichonitisha ni ua. Nyumba ile ilikuwa na sebule mbele, ukumbi mrefu katikati, na nyuma kabisa ua wenye jiko na kisima. Sebule ilikuwa ya baba mkwe. Ua ulikuwa wa mama mkwe, na mama mkwe sikuruhusiwa kumwona.

Adabu ya ukwe ilikuwa kali siku zile. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hamwiti, hamwagizi kitu. Akimwona njiani hupinda kona, naye mama hujivuta kanga usoni akageukia ukuta. Ukikosea hapo umeukosea ukoo mzima, na posa zilizovunjika kwa jambo dogo kuliko hilo nilizijua. Nilimtaka yule binti mpaka usingizi ukanipaa. Sasa niambie, jiko la mtu usiyeruhusiwa kumwona utalitiaje taa?

Jibu lao lilikuwa shangazi. Huyu alikuwa dada wa baba mkwe, mwanamke mnene mwenye sauti ya asali, ambaye sidhani kama aliwahi kumwambia kiumbe neno chungu maishani mwake. Nilisimama kwenye pazia la ukumbi, nikamwambia shangazi ninachotaka, shangazi akaenda uani kumwambia mama, akarudi na jibu. Kila msumari ulikuwa na safari yake. Mimi niliyezoea kupiga kelele juu ya ngazi, "Nipe spana!", nilisimama nikikunja na kukunjua vidole vya miguu ndani ya viatu.

Kabla ya misumari lakini kulikuwa na waya. Shaba ilikuwa haishikiki kwa bei wakati ule, na duka nililonunulia vifaa lilikuwa na nyaya za alumini peke yake, kitu kilekile kinachotengenezewa sufuria. Zilikuja na ganda la namna mbili. Moja lilikuwa la mpira, na juu ya mpira limefumwa uzi wa pamba. Hilo tulilijua sote. La pili lilikuwa la plastiki, jipya, laini, likinuka dukani kote. Wenzangu walilicheka.

"Plastiki chini ya bati la Tanga?" mmoja aliniuliza. "Mwezi wa pili utafungua bomba ukute uji."

Ningeweza kuchukua mpira nikalala. Sikuweza. Nilizijua kuta zile. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta za namna hiyo zinatoka jasho. Bomba la chuma unalopitishia nyaya likilala kwenye ukuta kama huo, mchana linachemka, usiku linapoa, asubuhi ndani yake kuna matone. Pamba inakunywa matone. Mpira nao ukikaa juu darini, karibu na bati, unakauka na kupasuka kama kisigino. Upande mwingine plastiki sikuijua hata kidogo, na kitu nisichokijua hunikosesha raha kuliko kitu kibaya ninachokijua.

Na hii haikuwa nyumba ya mteja wa kawaida. Bomba moja lilikuwa lipite sebuleni, lifuate ukumbi, litokee uani ukutani karibu na jiko. Niliposimama pale kwenye pazia nikilipima kwa macho ya kichwani, nilijua litakachofanyiwa. Hakuna mwanamke katika mji ule atakayeona bomba limelala ukutani, juu kidogo ya kichwa, akaliacha bila kulianikia nguo. Atakuwa na kanga mbichi mkononi, miguu peku kwenye sakafu ya maji. Waya ukiharibika ndani ya bomba lile, atakayeuawa ni mama wa mchumba wangu.

Nikaenda chumbani kwangu kufanya majaribio. Nilikata vipande vya aina zote mbili, nikavitumbukiza katika chupa za achari. Chupa moja ilikuwa na maji ya bahari, nyingine maji ya chokaa, kwa sababu nyumba yenyewe ni chokaa tupu. Vipande vingine nilivipandisha juu ya bati nikavigandamiza kwa jiwe. Halafu nikaanza kuzunguka. Nilitazama chupa kabla ya chai na baada ya chai. Nilipanda juu ya bati na jua la saa nane, nikashuka, nikapanda tena. Mwenye nyumba wangu aliuliza kama kuna mtu ameniibia kitu.

Plastiki juu ya bati ilikuwa laini kidogo, lakini haikuwa uji. Mpira ulianza kuonyesha nyufa ulipokunjwa. Maji ya bahari hayakunieleza mengi. Chupa ya chokaa ndiyo iliyonieleza. Ncha za waya, pale nilipokata na chuma kikawa wazi, zilikuwa zinatoa vipovu, vidogo vidogo, vikipanda juu bila kuchoka. Nilivitazama mpaka macho yakaniuma. Chokaa ilikuwa inaila alumini, hai, mbele yangu.

Nilipovitoa vipande nikavipasua. Kile cha mpira, pamba ilikuwa imenyonya maji ya chokaa na kuyapandisha ndani, na alumini imeoza chini ya ganda kiasi cha shubiri. Kwa nje ungesema ni kizima. Kile cha plastiki kilikuwa kimeliwa pale nchani tu. Palipoanzia ganda, chuma kilikuwa kinang'aa kama kilivyotoka dukani. Jambo jingine likanipendeza: plastiki hutoka kwa kuvutwa tu, mpira hung'ang'ania hata uukwangue kwa kisu, na alumini ukiigusa kwa kisu leo itakatika kesho. Nikachagua plastiki, wenzangu wakacheka tena, nikawaacha wacheke.

Lakini raha sikuipata. Ganda zuri linalinda waya mahali lilipo. Kwenye kila kisanduku cha maungio ncha ziko uchi, maana ndipo zinapoungwa. Waya wa ardhi nao, ule unaolifunga bomba na ardhi ili umeme ukivuja usimguse mtu, ulikuwa alumini isiyo na ganda kabisa, na ulikuwa nje, ukutani. Nilizifunga ncha kwa utepe, nikazipaka grisi. Bado nilijua adui yake ni nani, na adui huyo hukaa ndani ya ndoo kila nyumba inapokaribia kuwa na harusi. Hupakwa kwa burashi ya mkonge, na hutiwa chumvi ili ishike.

Siku ya kupitisha waya wa ua ilinikuta na shida nyingine. Waya haupiti bombani kwa kusukumwa tu, lazima upande wa pili awepo wa kuvuta. Upande wa pili ulikuwa ua. Mwenzangu wa kazi hakuweza kuingia, mimi ndiyo kabisa, baba mkwe alikuwa dukani kwake, na shangazi alisema mikono yake ina baridi yabisi. Akaenda uani, akanong'ona, akarudi.

"Mama atavuta," alisema.

Nilipiga magoti sebuleni mbele ya mdomo wa bomba. Shangazi alileta poda, poda ya mchumba wangu mwenyewe, nikaupaka waya ili uteleze, na sebule nzima ikanukia harusi. Nikasukuma. Upande wa pili, nyuma ya kuta mbili na pazia, mkono fulani ukaishika kamba ya kuvutia na kuanza kuvuta. Mwanzoni alivuta kwa nguvu zote, kama anateka kisimani, nikaogopa atakata. Nikazuia. Akatulia. Akavuta tena, safari hii pole pole, kisha akagutua mara mbili: bado unakuja? Nikajibu mara mbili: unakuja. Hakuna aliyetufundisha. Tuliendelea hivyo mpaka waya ukafika, yeye akigutua, mimi nikijibu, na mtu nisiyewahi kumwona uso nikamjua. Alikuwa na haraka, lakini alisikia. Niliinuka pale nimefurahi, jambo lisilonitokea mara nyingi kazini.

Nikamwita shangazi, nikamweleza kwa utaratibu wote nilioweza. "Shangazi, tafadhali mwambie mama hivi. Asipake chokaa kwenye mabomba, wala kwenye visanduku, wala kwenye ule waya mtupu wa ukutani. Chokaa inakula waya. Ikiula, bomba litaua mtu. Na nguo wasianike pale."

"Nimesikia, baba," alisema shangazi.

"Utamwambia hivyohivyo?"

"Wee! Nitamwambia."

Akaenda. Nikasikia mnong'ono, nikasikia kicheko kidogo cha adabu. Akarudi amenyooka uso. "Mama anasema ahsante sana, mkwe wake ana huruma."

Nilipaswa kushtuka hapo. Mtu aliyeambiwa kwamba bomba litamuua hajibu kwamba una huruma. Lakini taa ziliwaka jioni ile, baba mkwe akaiwasha na kuizima ya sebuleni mpaka majirani wakajaa barazani, na mimi nikapewa haluwa. Nikala.

Harusi ikasogezwa mbele kungoja ndugu wa Pemba wamalize kuvuna karafuu. Nilikosa la kufanya. Nilipita mtaa ule kwa sababu za uongo: mara natafuta fundi viatu, mara nanunua viberiti wakati sivuti sigara. Mchumba wangu alikuwa ametiwa ndani kama mwari, sikumwona hata kivuli. Nikawa natazama nyumba. Na siku moja nyumba ilikuwa nyeupe pe! Ukuta wa mbele, nguzo za baraza, na kipande cha bomba kinachopanda kwenye dari, vyote vyeupe vya kuumiza macho, na chini kwenye vumbi madoa ya chokaa.

Shangazi alikuwa barazani akichambua mchele. Nilimwamkia, "Shikamoo," sikungoja marahaba. "Uani pia?"

"Uani ndiyo kwanza! Mara mbili mama kapaka. Anasema nyumba inayoozesha binti kwa fundi haiwezi kuwa na mabomba ya rangi ya kutu." Akacheka. "Tena ile taa yako ya jikoni ina mambo. Siku hizi inatukonyeza. Wasichana wanasema imepata mchumba."

"Inakonyeza vipi?"

"Inazima, inawaka, inazima. Mama akiligusa bomba kwa fagio inawaka."

Mchele ulimwagika. Sijui ni mimi niliyeupiga teke au yeye. Taa inayokonyeza ni ncha inayoachia. Ncha ikiachia hutafuta pa kukaa, na pa karibu ni bomba. Nikaingia ndani. Swichi kubwa ilikuwa katika chumba cha baba mkwe, na chumba kilikuwa na kufuli, naye alikuwa amekwenda msikitini kuswali alasiri. Nikageukia ukumbi. Shangazi alinipita kwa wepesi ambao sikudhani anao, akashika pazia kwa mikono miwili.

"Mkwe! Ngoja nikamwambie. Simama hapo hapo, nakwenda kumwambia."

Nyuma yake nilisikia nguo inakamuliwa na maji yakimwagika sakafuni. Nilijua mnong'ono utachukua muda gani. Nilijua pia nini kinanisubiri upande wa pili wa pazia lile, na kwamba mchumba wangu nitampotezea hapo. Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyolichukia pazia lile, la maua mekundu, limepigwa pasi.

Nikapita.

Alikuwa amenipa mgongo, kichwa wazi, nywele zimesukwa, kanga ya nyumbani imefungwa kifuani. Miguu yake ilikuwa ndani ya maji. Mikono yote miwili ilikuwa juu, na kanga mbichi imekwisha kuanza safari kwenda kwenye bomba.

"Mama! Acha! Usiguse!"

Aligeuka, kanga ikaanguka. Tukatazamana. Alikuwa na paji la uso la binti yake, na nikakumbuka kushusha macho nikiwa nimekwisha kuliona. Halafu akaokota kanga ileile mbichi, akajifunika uso, akaingia chumbani akichuruzika maji.

Shangazi nyuma yangu alikuwa anasema, "Ya Rabi, ya Rabi." Nilikuwa na glopu yangu ya kupimia mfukoni, yenye nyaya mbili. Ncha moja nikaichomeka kwenye tope la kisima, nyingine nikaigusisha kwenye bomba pale pale ilipokuwa iangukie kanga. Nyuzi za ndani ya glopu zikawa nyekundu. Shangazi akaona, na mlango wa chumba ulikuwa na ufa, nao nadhani ukaona.

Baba mkwe aliporudi kutoka msikitini nilimwomba ufunguo kabla ya salamu. Nikazima. Ndipo nikafungua kisanduku cha ua. Ndani mlikuwa na chokaa kama maziwa mgando. Ncha za waya zimekuwa unga wa kijivu, mmoja umekatika na kuegemea chuma cha kisanduku. Waya mtupu wa ardhi haukuwepo tena, palibaki mstari tu ukutani. Nikalimenya ganda la plastiki kidogo juu ya palipooza. Chini yake alumini ilikuwa safi, inang'aa. Ningetia mpira, ningeukuta umeoza ndani kwa ndani, sijui mpaka wapi. Nilikuwa nimechagua sawa, na haikunisaidia kitu.

Baba mkwe alisimama nyuma yangu, shangazi amekwisha kumweleza yote. "Umemkaripia mama mkwe wako?"

"Ndiyo, baba."

"Na umemwona."

"Nimemwona."

Hakuniuliza la tatu. Akaingia chumbani alimoingia mkewe, shangazi akafuata, mlango ukafungwa. Mimi nikaenda sebuleni. Watu wengine wangekaa kwenye mkeka wakangoja hukumu yao. Mimi sikuweza kukaa. Ncha zilizooza zikikatwa waya ungekuwa mfupi, lazima upitishwe mwingine, basi nikaanza. Nikafungua upande wa sebuleni, nikaufunga waya mpya kwenye mkia wa ule wa zamani, ili wa zamani ukivutwa uani uulete mpya. Nikaupaka poda iliyobakia. Halafu nikapiga magoti mbele ya mdomo wa bomba, na ndipo akili ikanirudia kwamba hakuna wa kuvuta. Sauti za chumbani zilikuwa za chini, sikuambulia neno. Nilimuwaza mchumba wangu nyuma ya moja ya milango ile, poda yake mikononi mwangu. Machozi yalinitoka, ya hasira zaidi kuliko huzuni. Mimi na mama mkwe tulikuwa tumekaribia kuachana milele kwa sababu ya adabu, na mmoja wetu angekuwa maiti, na adabu yenyewe ingetusifu wote wawili.

Waya ukatikisika mkononi.

Nilidhani ni mimi. Ukatikisika tena, mara mbili, kwa haraka: bado unakuja? Nikaushika. Na kutoka ndani ya bomba, ndogo, ya mbali, lakini neno kwa neno, ikaja sauti ya mwanamke.

"Mwanangu."

Nikaweka sikio.

"Mimi sufuria zangu sijawahi kuzitia magadi, maana zinaliwa. Si ungeniambia tu kwamba waya wako ni sufuria?"

Nikaondoa sikio, nikaweka mdomo. "Niliagiza, mama. Nilisema chokaa isipakwe."

Nikarudisha sikio. Kisha akasema, "Mimi niliambiwa mkwe anasema nisijisumbue na chokaa. Nani huambiwa asijisumbue akaacha? Nikapaka mara mbili."

Nyuma yake, mbali zaidi, nilimsikia shangazi akilalamika kwamba asingeweza kumpelekea mama wa watu maneno ya kumwamuru, kwani yeye hana adabu? Nilimsikia mama akivuta pumzi karibu kabisa na bomba, kama mtu anayeinamia kisima.

"Basi leo usiagize," alisema. "Sema mwenyewe."

Maishani mwangu sikuwa nimewahi kumwamuru mkubwa wangu, sembuse huyu. Nikaufuta mdomo wa bomba kwa kiganja, nikasogea.

"Vuta, mama," nikasema.

Akavuta.